Umeme Ndani ya Ubongo: Tiba Mpya kwa Wasioweza Kula na Kipimo Chake cha Kimaadili



Ni magonjwa machache ya akili yanayoua kama ugonjwa wa kujinyima chakula, ambao madaktari huuita anoreksia nevosa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2011 ulionesha kwamba vifo miongoni mwa wagonjwa hawa ni zaidi ya mara tano ya vifo vya watu wengine wa umri wao, na kwamba katika kila vifo vitano, kimoja ni cha kujiua. Wengi wao ni wasichana na wanawake vijana. Wapo wanaopona, hasa wakitibiwa mapema. Lakini lipo kundi ambalo miaka hupita, hospitali hubadilishwa, dawa na ushauri hujaribiwa, na mwili unaendelea kuisha mbele ya macho ya wazazi.

Kwa ajili ya kundi hilo la mwisho, madaktari wa mji wa Toronto nchini Kanada walifikia hatua ambayo wengi huisikia kwa hofu: kuingiza nyaya nyembamba ndani ya ubongo wa mgonjwa na kupitisha humo umeme mdogo, usiku na mchana. Je, ni halali kugusa hivyo kiungo ambacho kwacho mwanadamu hufikiri na kuchagua? Na mtu anayeanza kula baada ya kuwekewa umeme, je, amekula kwa hiari yake? Makala haya yanaeleza tiba hiyo ilivyo na yanapendekeza kipimo kimoja cha kuipimia: tiba ya ubongo ni njema kwa kadiri inavyomrudishia mgonjwa uhuru wake, na ni mbaya kwa kadiri inavyomnyang'anya uhuru huo.

Si kiburi, wala si ukaidi

Jambo la kwanza ni kuujua ugonjwa wenyewe. Mwaka 1873 daktari Mwingereza William Gull na daktari Mfaransa Charles Lasègue, kila mmoja kwa upande wake, waliwaeleza wenzao juu ya wasichana waliokonda hadi kukaribia kufa bila kuwa na kifua kikuu wala uvimbe wowote tumboni. Tangu wakati huo sura ya ugonjwa imebaki ileile: hofu kuu ya kunenepa, kujiona mnene hali mifupa inahesabika, na kupunguza chakula siku hadi siku. Ndugu zake ni bulimia, ambapo mtu hula kwa wingi kisha hujitapisha, na ugonjwa wa kula kupita kiasi bila kuweza kujizuia.

Wengine husema kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Mfano wa visiwa vya Fiji unatuonya. Huko mwili uliojaa ulithaminiwa tangu zamani. Mwaka 1995, televisheni ilipokuwa imeingia karibuni katika mkoa wa Nadroga, mtafiti Anne Becker na wenzake waliwauliza wasichana wa shule, na hakuna aliyesema hujitapisha ili apunguze uzito. Walipouliza tena mwaka 1998, asilimia 11.3 walisema hufanya hivyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2289, inakataa ibada ya mwili inayotoa kila kitu sadaka kwa ajili ya umbo kamilifu. Picha za umbo hilo leo zimo katika simu za watoto wetu.

Hata hivyo tusidhani kwamba mgonjwa ni mtu wa majivuno tu. Njaa yenyewe huharibu akili. Katika miaka ya 1944 na 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani aliwachunguza vijana 36 wa kiume wenye afya njema, waliokataa kwa sababu ya dhamiri kubeba silaha vitani, na ambao walijitolea kupunguziwa chakula kwa muda wa miezi sita. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Pamoja na uzito walipoteza furaha: wakawa na huzuni, wakajitenga na wenzao, wakafikiri juu ya chakula mchana kutwa, wakasoma vitabu vya mapishi kama watu wengine wasomavyo riwaya. Hawa hawakuwa wagonjwa wa akili walipoanza. Basi mgonjwa wa anoreksia amefungwa katika duara: woga humfanya asile, na kutokula huilisha ile huzuni na yale mawazo yanayomrudia yaleyale, ambayo nayo huongeza woga.

Ndiyo maana kumwambia "kula tu" hakusaidii. Ni kama kumwambia mwenye homa apunguze joto la mwili wake.

Njia mbili za kuuchochea ubongo

Ubongo hufanya kazi kwa ishara ndogo za umeme zinazopita kutoka seli hadi seli. Katika ugonjwa huu, mitandao inayohusika na hofu, hisia na malipo ya furaha haifanyi kazi kama kwa watu wengine. Uchochezi wa ubongo hukusudia kubadili mwenendo wa mitandao hiyo.

Njia ya kwanza haihitaji kisu. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walionesha kwamba duara la waya likishikwa juu ya kichwa na kupitishiwa umeme kwa ghafula, nguvu ya sumaku hupenya fuvu na kuamsha umeme mdogo katika sehemu ya ubongo iliyo chini yake. Mgonjwa hukaa kitini akiwa macho, husikia mlio kama wa kugongagonga, kisha huenda zake nyumbani. Mwaka 2008 mamlaka ya Marekani iliruhusu kifaa cha namna hiyo kitumike kwa ugonjwa wa sonona. Watafiti wa King's College London waliijaribu njia hii kwa watu 34 wenye anoreksia ya muda mrefu, kila mmoja akipangiwa vipindi 20. Wengine walipata uchochezi wa kweli, wengine wa kuigiza, ili kulinganisha. Tofauti ya uzito kati ya makundi ilikuwa ndogo. Nafuu ya huzuni ilionekana zaidi kuliko nafuu ya uzito. Tushike neno hilo, kwa maana litarudi.

Njia ya pili ni ya upasuaji. Ilianza Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987, ambako Alim-Louis Benabid aliitumia kutuliza mitetemeko ya mwili, na leo maelfu ya wagonjwa wa Parkinson huishi nayo. Daktari hutoboa matundu madogo katika fuvu na, akiongozwa na picha za ubongo, hushusha nyaya mbili nyembamba hadi mahali palipopimwa kwa milimita. Nyaya hizo hupitishwa chini ya ngozi hadi kifuani, ambako huwekwa betri inayofanana na kile kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Betri hutoa midundo ya umeme, mara nyingi 130 kwa kila sekunde. Nguvu yake yaweza kuongezwa, kupunguzwa au kuzimwa kutoka nje, na kifaa chote chaweza kuondolewa. Hatari zake ni za kweli: kutoka damu ndani ya ubongo, maambukizi, na degedege.

Yaliyoonekana Toronto

Andres Lozano, Nir Lipsman na wenzao walichagua sehemu iliyo katikati ya ubongo upande wa mbele, inayohusika na huzuni. Lozano na mwenzake Helen Mayberg walikuwa wameigusa mapema zaidi, mwaka 2005, kwa wagonjwa sita wa sonona isiyosikia dawa. Mwaka 2013 walichapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya wagonjwa sita wa anoreksia. Baada ya miezi tisa, watatu kati yao walikuwa na uzito zaidi ya ule waliouzoea kabla ya upasuaji.

Mwaka 2017 walitoa taarifa ya wanawake 16, waliokuwa wameugua kwa wastani wa miaka 18. Madaktari hupima wembamba kwa kugawanya uzito wa kilo kwa kipeo cha pili cha urefu wa mita; kipimo cha afya huanzia 18.5. Wastani wa wanawake hawa kabla ya upasuaji ulikuwa 13.83. Baada ya mwaka mmoja ulikuwa 17.34. Kwa mwanamke mwenye urefu wa mita 1.65, hiyo ni sawa na kutoka kilo 38 hadi kilo 47. Bado ni mwembamba, lakini amerudi kutoka ukingoni mwa kaburi.

Sasa tuangalie kwa makini namna nafuu hiyo ilivyokuja. Umeme haukuwapa hamu ya chakula, wala haukuusukuma mkono kwenda kinywani. Kwa wengi, huzuni na hofu zilipungua kwanza, na uzito ukafuata baada ya miezi. Mzigo ulipopungua, mgonjwa aliweza kukaa na mshauri, kufuata mpango wa chakula na kuvumilia kuona mwili wake ukijaa. Kazi ya kula ilibaki kuwa yake.

Tuseme pia upande wa pili. Wagonjwa wawili kati ya wale 16 waliomba kifaa chao kizimwe au kiondolewe. Wagonjwa saba walipata matatizo mazito katika mwaka huo, mengi yakitokana na ugonjwa wenyewe. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, hivyo haiwezekani kujua ni kiasi gani cha nafuu kilitokana na umeme na kiasi gani kilitokana na matumaini na uangalizi wa karibu. Wengine wanaotafiti, huko Shanghai na Oxford, wamelenga sehemu nyingine ya ubongo inayohusika na malipo ya furaha. Na mwaka 2022 Casey Halpern wa Pennsylvania na wenzake walitoa taarifa ya wanawake wawili waliokuwa wakila bila kuweza kujizuia, waliowekewa kifaa kinachosikiliza ubongo na kutoa umeme pale tu kinapotambua ishara ya uchu. Basi hii ni tiba iliyo bado katika majaribio. Atakayeiuza kama muujiza anadanganya.

Jeraha la zamani

Hofu ya watu juu ya kugusa ubongo haikuzuka bure. Mwaka 1935 daktari Mreno Egas Moniz alianza kukata nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo ili kutuliza wagonjwa wa akili, na mwaka 1949 akapewa Tuzo ya Nobel. Upasuaji huo ulienea duniani. Wagonjwa wa anoreksia nao walifanyiwa. Wengi walitulia kweli, lakini kwa gharama ya kupoteza ari, hisia na uwezo wa kujiamulia. Rosemary Kennedy, dada wa yule aliyekuja kuwa Rais wa kwanza Mkatoliki wa Marekani, alifanyiwa mwaka 1941 akiwa na umri wa miaka 23. Alitoka akiwa hawezi kutembea wala kusema sawasawa, akaishi chini ya uangalizi hadi kifo chake mwaka 2005.

Ni katika miaka hiyo ambapo Papa Pio XII alizungumza. Tarehe 14 Septemba 1952, akiwahutubia wataalamu wa mfumo wa fahamu mjini Roma, alifundisha kwamba mgonjwa si mmiliki kamili wa mwili na akili yake bali ni mtunzaji. Kwamba sehemu ya mwili yaweza kutolewa sadaka kwa ajili ya uzima wa mtu mzima. Na kwamba daktari hana haki juu ya mgonjwa zaidi ya ile ambayo mgonjwa mwenyewe amempa. Kisha akaweka mpaka: hata kwa ajili ya kuponya ugonjwa wa akili, hairuhusiwi kuufuta moja kwa moja uhuru wa mtu au kuupunguza sana kwa kudumu, hata abaki kama mashine iliyo hai.

Tukiupima uchochezi wa ubongo kwa mafundisho haya, tunaona tofauti kubwa na kisu cha Moniz. Kile kilikata, na kilichokatwa hakikurudi. Huu hurekebisha, na waweza kusimamishwa. Kile kiliwatuliza watu kwa kuuzima utashi wao. Huu, kadiri tunavyoona hadi sasa, hulenga kuondoa kizuizi ili utashi uweze kutenda. Mgonjwa ambaye hofu imemshika koo kwa miaka 18 hakuwa huru kabla ya upasuaji. Ikiwa umeme unamlegezea mnyororo, haumwibii uhuru. Kwa sababu hiyo, ndani ya mipaka inayofaa, tiba hii haipingani na hadhi ya binadamu.

Ridhaa ya aliyefungwa

Mipaka hiyo ni ipi? Iliyo ngumu kuliko yote ni ridhaa. Wagonjwa wengi wa anoreksia hufikiri kwa ufasaha, husoma, hufanya kazi, huelewa kila wanaloambiwa na daktari. Lakini ugonjwa wao husema kwa sauti yao wenyewe. Wapo wasemao kwamba ugonjwa ni sehemu ya nafsi yao, na kwamba wakiuondoa hawajui watakuwa nani. Mtu wa namna hiyo anaposema "ndiyo" kwa upasuaji, yawezekana ni kwa kukata tamaa au ili kuwaridhisha wazazi. Anaposema "hapana", yawezekana ni hofu inayonena, na yawezekana pia ni yeye mwenyewe.

Kikundi cha Oxford, kikiongozwa na Rebecca Park, kilichapisha mwaka 2017 mwongozo wa maadili kwa ajili ya swali hili hasa, wakijiuliza kama tiba hii ni tumaini kwa waliokata tamaa au ni unyonyaji wa wanyonge. Kwa mtazamo wa maadili ya Kikatoliki, mambo manne hayana budi kuzingatiwa. Mgonjwa awe mtu mzima ambaye tiba za kawaida zimejaribiwa kwa uaminifu na kushindwa. Uwezo wake wa kuamua upimwe na mtu asiye na maslahi katika upasuaji, na zaidi ya mara moja. Awe na haki ya kubadili nia, na kifaa kizimwe akiomba, kama ilivyokuwa kwa wale wawili wa Toronto. Na daktari asimwache baada ya jaribio kwisha, kwa maana betri huisha na ugonjwa huweza kurudi. Katekisimu, namba 2295, inakumbusha kwamba hata ridhaa ya mgonjwa haihalalishi jambo linalopingana na hadhi yake.

Tuongeze la tano, la haki. Upasuaji huu hugharimu fedha nyingi na hufanyika mahali pachache. Haki haitendeki pale ambapo kifaa cha gharama kubwa kinasifiwa huku tiba zilizothibitishwa zikisahauliwa. Kwa vijana wanaoishi na wazazi, njia iliyoendelezwa katika hospitali ya Maudsley mjini London haina waya hata mmoja: wazazi hufundishwa kusimamia milo ya mtoto wao kwa upole na uthabiti, mlo baada ya mlo, hadi aweze kujisimamia tena.

Mfungo na ugonjwa

Hapa jambo hili linagusa maisha yetu ya imani, kwa sababu sisi tunafunga. Ugonjwa huu hupenda kuvaa joho la utakatifu. Binti anayeogopa chakula hupata katika Kwaresima kisingizio ambacho hakuna atakayemkemea nacho.

Watu hutaja mfano wa Mtakatifu Katarina wa Siena, aliyefariki Roma mwaka 1380 akiwa na miaka 33, na ambaye katika miaka yake ya mwisho alikula kidogo mno. Wanahistoria wamebishana kama alikuwa na ugonjwa huu, na hakuna daktari awezaye kumpima mtu wa karne ya 14. Lakini yeye mwenyewe, katika barua, hakujisifu. Aliuita udhaifu, akaeleza kwamba hujilazimisha kula kila siku, na kwamba humwomba Mungu amjalie aweze kula kama watu wengine. Anayetaka kumwiga aanzie hapo.

Mfungo wa kweli una alama zake: una mwisho, una kipimo, hutii, na humfungua mtu kwa jirani. Kujinyima kwa ugonjwa hakuna mwisho, hujificha, hukataa shauri, na humfunga mtu peke yake na mizani. Sheria ya Kanisa huwabana kufunga wale waliotimiza miaka 18 hadi wanapoingia mwaka wa 60, na wagonjwa husamehewa. Hata ile saa moja ya kutokula kabla ya Komunyo haimfungi mgonjwa wala anayemhudumia. Padre muungamishi anayemtambua mtu wa namna hii na amwambie waziwazi: kwako wewe, utii ni kula. Wala asimtwike dhambi asiyo nayo, kwa kuwa Katekisimu, namba 1735, inafundisha kwamba hofu na sababu nyingine za kiakili hupunguza, na wakati mwingine huondoa, uwajibikaji.

Kwa familia, machache ya kushika. Ukiona mtoto anakonda, anakwepa meza, anakwenda chooni kila baada ya mlo, hedhi imekatika, anahisi baridi wakati wengine wanatoka jasho, usingoje. Mpeleke hospitali. Usimlazimishe mtu aliyekaa siku nyingi bila chakula ale sahani iliyojaa kwa mara moja: madini ya damu huweza kushuka ghafula na moyo ukasimama, kama ilivyotokea kwa mateka wa Vita Kuu ya Pili walipokombolewa. Chakula chake cha kwanza kipangwe na daktari. Hospitali kama Muhimbili, Mirembe na Bugando zina huduma ya afya ya akili. Kwenda huko si aibu. Sala na Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa huenda pamoja na tiba, wala havishindani nayo. Anayemwambia mgonjwa aache daktari kwa kuwa ameombewa anabeba mzigo mzito mbele za Mungu.

Huenda siku moja nyaya za Toronto zikawa tiba ya kawaida, na huenda zikaachwa kwa kupatikana njia iliyo bora. Vyovyote itakavyokuwa, zimekwisha kutufundisha jambo ambalo hata asiyeweza kufika Kanada anaweza kulitumia leo jioni: wengi wa wagonjwa wale hawakuanza kwa kula, walianza kwa kupungukiwa na hofu. Sisi hatuna umeme wa kuwatulizia hofu wagonjwa walio nyumbani mwetu. Tunayo meza isiyo na dhihaka juu ya mwili wa mtu, tunao uvumilivu wa kukaa naye hadi amalize mlo wake, na tunao ulimi unaoweza kujizuia. Bwana aliyeketi kula pamoja na wengi, na aliyejitoa kwetu katika umbo la chakula, awajalie wote wanaoogopa kula ujasiri wa kurudi mezani.

Tumsifu Yesu Kristo.